Kurefusha siku ya shule: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayorudi katika vikao vya wazazi, kamati za shule na vyumba vya walimu kila linapoletwa pendekezo la kuongeza saa za masomo. Yamepewa namba ili jibu moja liweze kukupeleka kwenye jingine. Mwenye haraka asome la 1, la 2 na la 12.

## Mambo ya msingi

1. Kwa ufupi: siku ya shule ikirefushwa, wanafunzi wanajifunza zaidi?

Mara nyingi ndiyo, ila kidogo, na kwa masharti. Tafiti nyingi zilizofanywa kwa uangalifu zimekuta alama zikipanda kiasi. Nyingine hazikukuta tofauti yoyote. Kinachozitenganisha ni kile kinachofanyika ndani ya saa iliyoongezwa. Saa ya kusoma mbele ya mwalimu anayejua mtoto amekwama wapi, na saa ya kunakili maandishi kutoka ubaoni, ratiba inaziandika kwa namna ileile. Kichwani mwa mtoto hazifanani hata kidogo.

Niseme msimamo wangu mapema ili msomaji aupime anavyoendelea: shule ambayo haijajua inapoteza dakika ngapi kwa siku haijafika mahali pa kuomba saa ya ziada.

2. "Muda wa shule" unahesabiwaje?

Hapa ndipo mabishano mengi yanapoharibikia, kwa sababu watu huhesabu vitu vinne tofauti na kuviita jina moja. Kuna muda wa kuwa shuleni, tangu mtoto anapoingia getini hadi anapotoka. Ndani yake kuna muda wa ratiba, yaani vipindi vilivyoandikwa ukutani. Ndani ya huo kuna muda wa kufundishwa kweli, mwalimu akiwa darasani na somo likiendelea. Na ndani kabisa kuna dakika ambazo mtoto anafuatilia, anaelewa na anafanyia kazi kitu kilicho juu kidogo ya anachokijua. Dakika hizo za mwisho ndizo zinazozaa matunda. Mwaka 1963 mwanasaikolojia wa Marekani, John Carroll, aliliweka wazo hili katika kielelezo ambacho bado kinatumika: kiasi anachojifunza mwanafunzi hutegemea muda anaoutumia kweli, ukilinganishwa na muda anaouhitaji. Mwenye kuhitaji dakika 50 akipewa 30, pengo linabaki. Aliyeelewa kwa 20 akikalishwa 50, 30 zimeliwa bure.

Chukua hesabu nyepesi. Shule ina vipindi 8 vya dakika 40. Katika kila kipindi dakika 8 zinapotea: mwalimu anatoka darasa jingine, watoto wanatulia, majina yanaitwa, vitabu vinagawanywa, mtu anabisha hodi na tangazo. Hizo ni dakika 64 kwa siku, zaidi ya saa nzima. Kwa mwaka wa siku 190 zinazidi kidogo saa 200. Shule hiyo ikiongeza saa moja jioni bila kugusa upotevu huo, itakuwa imejaza maji kwenye ndoo inayovuja.

Wala si hesabu ya kubuni kwa mbali na hali halisi. Vipimo vilivyoratibiwa na Benki ya Dunia katika shule za msingi za nchi saba za Afrika, na kuchapishwa pamoja mwaka 2017, vilionyesha kwamba mwanafunzi alikuwa akifundishwa chini ya saa 3 kwa siku, zaidi kidogo tu ya nusu ya muda uliopangwa. Nchi tajiri nazo zina lao. Katika mji wa Providence, Marekani, watafiti walikadiria kwamba darasa moja hukatizwa zaidi ya mara 2,000 kwa mwaka, kwa matangazo ya vipaza sauti, simu na wageni, na kwamba hasara yake ni sawa na siku 10 hadi 20 za masomo.

3. Mbona kuna nchi zenye saa chache na wanafunzi wao wanafanya vizuri?

Finland hutajwa sana. Saa zake za lazima ni miongoni mwa chache zaidi katika nchi tajiri, na mwaka 2000 wanafunzi wake waliongoza kwa kusoma katika mtihani wa kimataifa wa PISA. Wanaopinga kurefusha siku huona hapo hoja imekwisha. Haijaisha. Alama za Finland zilikuja kushuka katika awamu za baadaye huku siku yake ya shule ikiwa bado fupi. Kwa hiyo ufupi wa siku haukuwa siri ya mafanikio yale, na wala haukuwa kikwazo.

Kulinganisha nchi na nchi kwa njia hii hakutufikishi mbali. Nchi hutofautiana kwa ubora wa walimu, elimu ya wazazi, lugha ya kufundishia, na masomo ya jioni yasiyohesabiwa kwenye takwimu za shule. Korea Kusini, kwa mfano, ina vijana wengi wanaosoma katika vituo binafsi hadi usiku. Njia bora zimeelezwa katika swali la 4.

## Utafiti umeonyesha nini

4. Ushahidi unatoka wapi?

Kuna aina tatu za ushahidi ninazoziamini zaidi.

Ya kwanza inamlinganisha mwanafunzi na nafsi yake. Mchumi Victor Lavy alitumia takwimu za PISA 2006 kutoka nchi zaidi ya 50 na kuuliza: mwanafunzi yuleyule mwenye saa nyingi za hisabati kwa wiki kuliko za sayansi, je, anafanya vizuri zaidi kwenye hisabati? Jibu lilikuwa ndiyo. Saa moja zaidi kwa wiki iliendana na ongezeko dogo lakini la wazi, na ongezeko hilo lilikuwa dogo zaidi katika nchi zinazoendelea.

Ya pili ni mageuzi ya nchi nzima. Chile ilianza mwaka 1997 kuhama kutoka shule za nusu siku kwenda siku nzima, na kuongeza saa za mwaka kwa zaidi ya asilimia 20. Alama za lugha na hisabati zilipanda kidogo. Peru, mwaka 2015, ilizichukua shule 1,000 za sekondari na kuongeza vipindi kutoka 35 hadi 45 kwa wiki, pamoja na msaada kwa walimu na vifaa, na alama za hisabati zikapanda. Ethiopia nako, utafiti uliofuatilia watoto wakati shule zikitoka nusu siku kwenda siku nzima ulikuta maendeleo, lakini zaidi kwa watoto wa kaya zenye nafuu.

Ya tatu ni majaribio ambapo shule hupewa saa za ziada kwa kura ya bahati nasibu. Hili la Denmark nalipenda kuliko yote. Wanafunzi wa darasa la 4 waliongezewa saa 3 za lugha yao kwa wiki, kwa wiki 16, na kusoma kwao kukapanda. Watafiti walikuwa wameligawa jaribio: baadhi ya shule zilipewa saa pamoja na programu iliyopangwa kila hatua, na nyingine zilipewa saa tu na walimu wakaachiwa kuamua. Zilizofaidika wazi ni zile ambazo walimu waliachiwa. Mwalimu aliyeandaliwa vizuri, akipata muda, anajua nani amrudie.

5. Na tafiti ambazo hazikukuta faida?

Zipo, na ni muhimu kuzitaja. Uholanzi ilijaribu programu fupi ya siku ndefu, ya muda usiofika hata muhula kamili, na wanafunzi waliochaguliwa kwa kura hawakuwapita wenzao katika lugha wala hisabati. Jimbo la Massachusetts, Marekani, liliongeza saa zisizopungua 300 kwa mwaka katika shule zilizojiunga na mpango wake. Tathmini haikukuta ongezeko la maana la alama kwa jumla.

Linganisha na jimbo la Florida, nchini humohumo. Kuanzia 2012, shule za msingi 100 zilizokuwa chini kabisa kwa kusoma zilitakiwa kuongeza saa moja kila siku, na saa hiyo ilikuwa na kazi moja tu: kufundisha kusoma. Alama za kusoma zilipanda. Massachusetts iligawanya saa nyingi zaidi kwa masomo, michezo, sanaa na mipango ya walimu, kila shule kwa namna yake. Saa isiyo na mwenyewe humezwa na siku.

6. "Ongezeko dogo" ni kiasi gani hasa?

Wapange wanafunzi 100 kwa alama na umchukue aliye katikati, nafasi ya 50. Saa moja zaidi kwa wiki ya somo husika, kwa kipimo cha Lavy, ingemsogeza hadi karibu nafasi ya 48. Jaribio la Denmark lingemsogeza hadi karibu ya 44. Nafasi mbili si kitu cha kutangaza kwa tarumbeta, lakini kwa watoto laki moja wanaofikiwa kwa pamoja si kitu cha kudharau pia.

7. Kwa hiyo tukiongeza saa mbili tutapata mara mbili?

Hapana. Kila saa inayofuata huleta pungufu ya iliyotangulia. Shule inayotoka saa 4 kwenda 6 ina nafasi kubwa ya kuona tofauti kuliko inayotoka 7 kwenda 9.

## Mtoto mwenyewe

8. Watoto hawatachoka?

Watachoka, ikiwa saa iliyoongezwa ni ileile ya kukaa na kusikiliza. Uchovu wa mtoto una dalili ambazo kila mwalimu wa vipindi vya mwisho anazijua: macho yanatazama ubao bila kuuona, mwandiko unavurugika, ugomvi mdogo unazuka bila sababu. Siku ndefu inayofanya kazi huwa na pumziko la kweli, la kukimbia na kupiga kelele, na huwa na mlo. Mtoto mwenye njaa saa 9 alasiri hafundishiki, hata akiwa na mwalimu bora kuliko wote.

Masomo yanayohitaji kufikiri sana yawekwe asubuhi. Hii inamaanisha kwamba "saa ya ziada" haina lazima ya kuwa ya mwisho: unaweza kuongeza kipindi cha kusoma saa 4 asubuhi na kusogeza michezo jioni. Shule nyingi hulisahau hili, zikabandika saa mpya mkiani mwa siku, kisha zikalalamika kwamba haizai.

9. Ni bora kufungua mapema au kufunga kwa kuchelewa?

Kwa vijana wa sekondari usifungue mapema. Mwili wa kijana aliyebalehe husogeza saa yake ya kulala mbele. Hata akizimiwa taa mapema, usingizi huchelewa kumjia. Wataalamu wa usingizi wanapendekeza saa 8 hadi 10 kwa usiku kwa wenye miaka 13 hadi 18, na saa 9 hadi 12 kwa wenye miaka 6 hadi 12. Mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri shule za vijana wa umri huo zisianze masomo kabla ya saa 2:30 asubuhi. Vipindi vya alfajiri vinavyomnyima mtoto usingizi vinachukua kwa mkono mmoja kinacholetwa na mwingine, maana usingizi ndio wakati ubongo unapohifadhi yaliyosomwa mchana.

Kufunga kwa kuchelewa nako kuna mpaka wake: mtoto anayetembea mbali asifike nyumbani gizani. Mpaka huo unawekwa na njia, na ratiba inapaswa kuufuata.

10. Ni wanafunzi gani wanaonufaika zaidi?

Hapa jibu hugawanyika, na ni vizuri kuona linagawanyika wapi. Saa ikielekezwa kwa waliobaki nyuma, wao ndio hupata zaidi, kwa sababu mtoto asiye na kitabu wala msaada nyumbani hana mahali pengine pa kupatia muda huo.

Saa ikitumika kusukuma mtaala mbele, mambo hugeuka. Ujerumani ilitoa somo ambalo halikukusudiwa. Majimbo mengi yalipunguza mwaka mmoja katika shule za sekondari zinazoandaa wanafunzi kwa chuo kikuu bila kupunguza maudhui, hivyo saa za kila wiki zikaongezeka. Alama zilipanda kwa wastani, lakini pengo kati ya wenye uwezo na wanaosuasua likapanuka: wa mbele walikimbia na muda mpya, wa nyuma wakafunikwa na mada mpya. Ethiopia, iliyotajwa katika swali la 4, ilikuwa na sura kama hiyo.

Kwa hiyo mzazi ambaye mtoto wake anasuasua aulize swali moja kikaoni: saa hii ni ya kurudia au ya kwenda mbele?

11. Na watoto wa madarasa ya chini?

Kwao muda wa ziada ufanane na hadithi, nyimbo, kuhesabu vitu na kusoma kwa sauti katika vikundi vidogo. Kipindi cha tano cha kuandika kwa mtoto wa miaka 6 ni adhabu.

## Walimu, fedha na maandalizi

12. Kabla ya kurefusha, tufanye nini?

Pimeni. Kwa wiki mbili, mtu mmoja aandike kila kipindi kilianza lini kweli, kiliisha lini, na mwalimu alikuwapo au hakuwapo. Isifanywe kumtafuta mwalimu wa kulaumiwa, maana ikionekana hivyo takwimu zitakuwa za uongo kabla ya Jumatano. Lengo ni kujua dakika zinakokwenda. Mara nyingi shule hugundua kwamba zinakwenda mahali pachache: vipindi visivyo na nafasi ya kuhama darasa, mikutano ya asubuhi isiyo na mwisho, walimu kuitwa ofisini katikati ya somo, na siku baada ya mitihani ambazo hakuna anayefundisha.

Zikisharudishwa zinazoweza kurudi, ndipo swali la kurefusha lina maana. Na hapo pendekezo litaje somo, wanafunzi, mwalimu na namna ya kujua kama limefaa. "Saa moja ya kuinua taaluma" si pendekezo. "Dakika 45 za kusoma kwa wanafunzi wa darasa la 3 ambao hawajaweza kusoma aya moja, katika makundi kwa kiwango, kwa wiki 12" ni pendekezo. Namna hii ya kupanga watoto kwa kiwango chao cha kusoma badala ya darasa lao, kwa saa moja au mbili kwa siku, imeenezwa na shirika la Pratham la India, na ni miongoni mwa mbinu zenye ushahidi mzuri zaidi.

13. Walimu walipwe kwa saa hizo?

Ndiyo. Saa ya ziada darasani ina mkia: kuna kuandaa, kusahihisha na kuzungumza na wazazi. Shule inayoongeza saa bila malipo wala kupunguza mzigo mwingine hupata mwalimu aliyechoka siku nzima, pamoja na zile saa za zamani zilizokuwa nzuri. Kama fedha hakuna kabisa, afadhali kubaki na siku fupi iliyofundishwa vizuri.

14. Fedha hizohizo zingefanya nini kingine?

Swali zuri, na huulizwa mara chache mno. Kuongeza saa moja kwenye siku ya saa 6 ni kuongeza karibu moja ya sita ya muda wa kufundisha, na mishahara ndiyo sehemu kubwa ya gharama za shule. Kisha kuna mlo, ulinzi, usafiri na, pale madarasa yanapotumiwa kwa zamu, majengo. Wekeni mezani, kwa gharama ileile, msaidizi wa kusoma kwa vikundi vidogo, vitabu vya kila mtoto, au mafunzo ya walimu yenye kufuatiliwa darasani. Wakati mwingine saa ndefu itashinda. Isishinde kwa kukosa mpinzani.

## Hali za pekee

15. Shule yetu ni ya zamu mbili. Majibu haya yanatuhusu?

Yanawahusu kuliko wengine. Kutoka zamu mbili kwenda siku nzima ndiyo hali ambayo sababu za kurefusha zina nguvu zaidi, kwa kuwa watoto wanaanzia chini sana (swali la 7). Ila kikwazo chenu ni madarasa. Chile ilichukua miaka mingi kukamilisha kwa sababu hiyo. Kuunganisha zamu kwa kuwarundika watoto wa zamu mbili katika chumba kimoja ni kubadilisha tatizo moja kwa jingine.

16. Tuisheni ya jioni shuleni ni sawa na kurefusha siku?

Si sawa, ikiwa inalipiwa na mzazi. Asiyeweza kulipa anaachwa nje ya somo ambalo pengine lilipaswa kufundishwa mchana. Hatari kubwa ni mwalimu kubakiza mada kwa makusudi ili imaliziwe jioni. Wengi hawafanyi hivyo, lakini mpangilio unaomlipa mtu kwa kutokumaliza kazi ni mpangilio mbaya, na watoto wa maskini ndio wanaoubeba.

17. Kwa darasa la mtihani tu, je?

Miezi michache ya mazoezi huongeza alama za waliokaribia kufaulu. Haimfundishi kusoma aliyefika darasa la mwisho bila kujua kusoma. Muda huohuo ukitumika miaka minne nyuma ungefanya kazi kubwa zaidi.

18. Kuna faida nje ya alama?

Zipo, na kwa familia nyingine ndizo kubwa. Chile, siku nzima ya shule ilihusishwa na kupungua kwa mimba za utotoni na uhalifu wa vijana, na akina mama wengi zaidi wakaweza kufanya kazi ya kipato. Kamati inayotaka siku ndefu kwa ajili ya usalama wa watoto iseme hivyo wazi, isijifunike na hoja ya taaluma, maana siku hiyo itapangwa tofauti na itapimwa tofauti.

19. Tumesharefusha, mwaka umepita, alama hazijapanda. Turudi nyuma?

Kwanza angalieni kama saa hiyo ilifundishwa kweli, kwa kipimo cha swali la 12. Kama haikufundishwa, hamjaijaribu bado. Kama ilifundishwa kwa wote namna moja, jaribuni muhula mmoja kuielekeza kwa waliobaki nyuma (swali la 10).

Kama yote mawili yamefanyika na hakuna kilichobadilika, ifungeni bila aibu, ila msiziache fedha zake zipotee kwenye matumizi mengine. Denmark, baada ya kurefusha siku kwa nchi nzima mwaka 2014, ilikuja kuziruhusu shule kufupisha siku kwa sharti kwamba muda walioupunguza utumike kuweka mtu mzima wa pili darasani. Walimu na wazazi walioona watoto wamechoka hawakulazimika kuchagua kati ya siku ndefu na kutofanya lolote: mtoto alitoka mapema, na asubuhi yake ikawa na mikono minne badala ya miwili.